Mbegu za Ginko: Kumenya, Kupika na Kupima Kiasi

Mbegu ya ginko ni chakula, ni dawa, na mtu akizidisha ni sumu. Ndiyo maana kabla ya kufika kwenye nyundo na sufuria, shika kwanza hesabu hii: mtu mzima mwenye afya ale viini 5 hivi kwa siku, vilivyoiva kabisa, na asivuke 10 hata siku ya karamu. Mtoto asipewe hata kimoja. Maelezo yote yanayofuata yanaitegemea hesabu hiyo, na sababu zake zitaelezwa mahali pake.

Wachina huiita mbegu hii baiguo, yaani tunda jeupe, kwa ajili ya ganda lake. Mti wenyewe, Ginkgo biloba, huitwa yinxing, aprikoti ya fedha. Una jina jingine zuri zaidi: gongsunshu, mti wa babu na mjukuu. Ukipandwa kwa mbegu huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuzaa, basi anayepanda ni babu na anayekula ni mjukuu. Wakulima wa Taixing, katika jimbo la Jiangsu, hawasubiri kiasi hicho siku hizi. Hubebesha vikonyo vya miti ya kike iliyochaguliwa, kama wanavyofanya wakulima wa maembe kwetu. Aina inayosifika huko ni Dafozhi, yenye mbegu nene na ndefu kidogo.

Kuna mti dume na mti jike, na jike ndiye anayezaa. Kinachoning'inia matawini kama plamu ndogo ya rangi ya manjano hakihesabiwi kuwa tunda kwa lugha ya wataalamu wa mimea. Ni mbegu tupu iliyovaa nyama. Kutoka nje kwenda ndani utakuta tabaka nne: nyama laini inayonuka, ganda gumu jeupe, utando mwembamba wa kahawia, halafu kiini. Katikati ya kiini kuna kiinitete, kijiti kidogo cha kijani au manjano ambacho wapishi wa Kichina hukiita moyo. Nyama, ganda, utando na moyo vyote hutupwa. Kinachoingia sufuriani ni kiini peke yake.

Kuokota na kuondoa nyama

Sehemu hii inawahusu walio karibu na mti: wanaosoma au kufanya biashara China, Korea na Japani, na walio katika miji ya Ulaya na Marekani ambako ginko hupandwa kandokando ya barabara. Anayenunua dukani aende moja kwa moja kwenye kichwa kinachofuata.

Mbegu huanguka kati ya Septemba na Novemba, majani yanapogeuka manjano. Okota zilizoanguka zenyewe, zenye nyama laini iliyoanza kukunjamana. Zilizo ngumu na za kijani bado hazijakomaa, na kiini chake kitakuwa na majimaji. Usiokote chini ya mti ulio kando ya barabara yenye magari mengi, na uliza kwanza kama mji huo unaruhusu. Iko miji inayokataza kuchuma kwenye miti ya umma.

Vaa glavu za mpira kabla hujainama. Nyama ya ginko ina asidi zinazobabua ngozi, na asidi hizo ni ndugu wa karibu wa ile iliyomo kwenye mafuta ya ganda la korosho. Aliyewahi kubangua korosho kwa mikono mitupu, iwe Mtwara au Kilifi, anayajua madhara yake: mwasho, wekundu, kisha malengelenge, na ngozi kubambuka siku kadhaa baadaye. Kwa ginko dalili mara nyingi hazitokei siku ileile, na hapo ndipo watu hudanganyika. Wanashika leo, hawaoni kitu, wanaendelea kesho, halafu mikono na uso vinavimba. Usijiguse macho wala usiende haja kabla ya kuvua glavu na kunawa kwa sabuni. Kama korosho mbichi au maziwa ya embe huwa yanakubabua, ogopa nyama ya ginko mara mbili.

Harufu ni jambo jingine. Ni ya siagi iliyochacha, wengine husema ya matapishi, na hailetwi na uchafu. Hutokana na asidi ya butiriki iliyomo kwenye nyama yenyewe. Fanya kazi hii nje ya nyumba, na usitumie ndoo ya jikoni.

Tia mbegu kwenye ndoo ya plastiki, zifunike kwa maji, ziache siku 2 hadi 4 mpaka nyama ilegee. Nchini China wenye mavuno makubwa huzirundika, huzifunika kwa majani makavu siku chache, kisha huzikanyaga kwa buti za mpira. Kwa ndoo moja mikono yenye glavu inatosha: finya kila mbegu, ganda litateleza na kutoka. Badilisha maji mara 4 au 5 huku ukizisugua, hadi maganda yasiteleze tena mkononi. Zinazoelea katika maji ya mwisho zitupe, kwa kuwa ndani ni tupu au zimeoza. Maji ya kuoshea na nyama usivimwage mtoni, bwawani wala kwenye kisima cha kunyweshea mifugo. Chimba shimo ufukie.

Zianike kivulini, penye upepo, juu ya wavu au gazeti, siku 1 hadi 3, ukizigeuza. Lengo ni kukausha ganda tu. Wengi hukosea hapa wakidhani mbegu hizi ni kama kunde au mahindi, wanazianika juani wiki nzima. Kiini cha ginko kina maji mengi, karibu nusu ya uzito wake. Ukikikausha sana husinyaa, hugonga kwenye ganda kama kijiwe, na hata ukikichemsha saa nzima hakilainiki vizuri. Ganda likishakuwa jeupe na kavu kwa nje, zitoe zikahifadhiwe.

Kununua

Katika maduka ya Wachina utazikuta kwa sura tatu. Zenye ganda, ambazo ndizo bora. Zilizomenywa na kufungwa kwenye mfuko usio na hewa, ambazo zinaokoa kazi lakini ladha imepungua. Na za kopo, zilizokwisha kuchemshwa, ambazo zinafaa kwa supu pekee.

Zenye ganda zitikise karibu na sikio. Iliyo nzuri ni nzito na haitoi sauti. Inayogonga ndani imekauka. Ganda liwe jeupe lililofifia kama ganda la yai la kuku wa kizungu. Likiwa jeupe la kung'aa kupita kiasi na lina harufu kali ya kiberiti, limepaushwa kwa moshi wa salfa. Lenye madoa meusi au ukungu acha. Omba muuzaji avunje moja: kiini kiwe kimejaa, cha kijani hafifu au manjano, bila alama nyeusi. Kijani huonyesha mbegu ni za msimu huo; manjano huja kadiri zinavyokaa, na hiyo peke yake si dalili ya kuharibika.

Usichanganye na mbegu za yungiyungi, ambazo nazo zina moyo wa kijani mchungu na huuzwa rafu hiyohiyo. Za yungiyungi mara nyingi huuzwa zimegawanyika nusunusu, kavu, na hazina ganda jeupe. Kuzidisha hizo si hatari. Kuzidisha ginko ni hatari.

Kubangua, kumenya na kutoa moyo

Anza kwa kuhesabu. Walaji wanne watu wazima ni viini 20. Ongeza mbegu 3 au 4 za fidia, maana kila mfuko una zilizooza. Zitakazobaki nzima baada ya kufidia zirudi frijini. Zisiingie sufuriani kwa sababu tu zimekwisha menywa. Bakuli la viini vilivyong'aa linavutia mno, na mpishi asiyehesabu kabla hujikuta ametia mfuko mzima.

Ganda lina pande mbili zilizounganishwa kwa ukingo, wakati mwingine tatu. Isimamishe mbegu kwa ukingo wake juu ya ubao, ishike kwa koleo au kwa kitambaa, na igonge kwa nyundo ndogo pigo moja jepesi. Unataka ufa tu. Ukiilaza bapa na kuipiga katikati utaponda kiini, kwa sababu ganda ni jembamba kuliko linavyoonekana, halina ugumu wa ganda la makadamia. Koleo la kawaida la fundi umeme nalo linafaa: banilia ukingoni hadi usikie mlio, kisha acha.

Chambua ganda kwa vidole. Kiini kitatoka kimevaa utando wa kahawia ulioshikamana nacho. Usiukwangue kwa kisu. Chemsha maji lita 1 yenye kijiko kidogo cha chumvi, tia viini, na vichemshe dakika 4 hadi 5 huku ukivisugua taratibu kwa mgongo wa upawa uliotobolewa. Utando utalegea na kuelea. Vimwage kwenye chujio, vipoze kwa maji baridi, na umalize kwa vidole ule uliong'ang'ania. Maji hayo yamwage, hayafai kwa supu.

Sasa moyo. Njia rahisi ni kupasua kiini kwa urefu kwa kisu kidogo, ukakitoa kijiti kwa ncha. Vikitakiwa vibaki vizima kwa ajili ya sura ya chakula, chukua kijiti cha meno, kiingize upande ule mpana, kisukume mpaka kitokee kwenye ncha. Moyo hutangulia mbele yake. Ni mchungu, na desturi ya Kichina huuhesabu kuwa sehemu yenye sumu zaidi. Kuutoa ni vizuri na hakuna sababu ya kuacha. Lakini wako wanaoamini kwamba wakishautoa wanaweza kula watakavyo, na hapo wanakosea, kwa kuwa sumu imo katika kiini chote.

Viini vilivyotolewa moyo vichemshe tena, maji mapya, dakika 15, kisha umwage na maji hayo pia. Sehemu ya sumu huyeyukia majini na kuondoka nayo. Baada ya hapo viko tayari kwa mapishi.

Kama huna muda, iko njia ya Wajapani ya maikrowevu: mbegu 10 hadi 15, kila moja ikiwa imekwisha tiwa ufa, ndani ya bahasha ya karatasi yenye chumvi kidogo, mdomo ukunjwe mara mbili, nguvu ya wati 500, dakika 1 hivi. Isiyo na ufa hulipuka kama bisi, ila kwa vipande vigumu vyenye moto. Kwa njia hii hakuna maji ya kumwaga, kwa hiyo punguza idadi ya kula.

Sababu ya hesabu

Mwaka 1985 watafiti wa Japani waliitambua sumu ya mbegu hii. Umbo lake linafanana sana na vitamini B6, na madhara yake yanatokana na kufanana huko. Ikiingia mwilini huzuia B6 isigeuzwe kuwa katika hali inayotumika. Ubongo unahitaji B6 ili kutengeneza GABA, kemikali inayotuliza mishipa ya fahamu. GABA ikipungua, mishipa hufyatuka ovyo, na matokeo yake ni degedege. Jina la kitaalamu la sumu hiyo ni refu. Wengi huiita ginkotoksini.

Moto hauimalizi. Huo ndio ukweli ambao watu hupata shida kuukubali, kwa kuwa tumezoea vyakula kama muhogo mchungu, ambao ukishalowekwa, ukakaushwa na kupikwa ipasavyo umesalimika. Kupika ginko hupunguza, na kumwaga maji hupunguza zaidi, lakini mabaki yapo. Ndiyo sababu mbegu mbichi hazionjwi hata moja, na zilizoiva huliwa kwa idadi.

Kinga ya kila mtu ni tofauti. Kuna watoto waliopata degedege kwa viini chini ya 10, na watu wazima waliougua kwa makumi kadhaa, lakini hakuna anayeweza kukuambia mstari wako uko wapi. Mwenye lishe duni, ambaye B6 yake iko chini tangu mwanzo, huumia kwa kidogo. Japani, miaka ya uhaba wa chakula kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sumu hii iliwapata watu wengi kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu watu waliifanya chakula cha kushibia.

Wafuatao waiache kabisa: watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege, na anayetumia isoniazidi. Hili la mwisho linastahili mkazo kwetu Afrika Mashariki, ambako dawa za kifua kikuu hutumiwa na wengi. Isoniazidi nayo huipunguza B6 mwilini, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vidonge vya B6 pamoja nayo. Kuongeza ginko juu yake ni kuchota mara mbili kwenye kisima kimoja. Na katika hali hiyo ndipo mgonjwa anaweza kushawishika kuitafuta, kwa kuwa ginko inasifiwa kuwa dawa ya kifua.

Mapishi matatu

Uji wa mchele, fuzhu na ginko ni wa Guangdong na Hong Kong, na ndio unaoifaa mbegu hii kuliko vyote. Fuzhu ni utando wa maziwa ya soya uliokaushwa kama fimbo au karatasi za manjano. Kwa watu wazima 4:

- mchele gramu 150, ulioshwa na kulowekwa nusu saa na kijiko kidogo cha mafuta na chumvi kiasi
- fuzhu gramu 60, iliyolowekwa dakika 20 na kukatwakatwa
- viini 20 vilivyochemshwa na kutolewa moyo
- maji lita 2

Chemsha maji kwanza, ndipo utie mchele na nusu ya fuzhu. Mchele ukitiwa kwenye maji baridi hutua chini na kushika. Koroga dakika 5 za mwanzo, punguza moto, acha kifuniko wazi kidogo, pika dakika 40. Tia viini na fuzhu iliyobaki, endelea dakika 30 hadi 40 zaidi. Uji uwe mweupe, mchele umefumuka, na fuzhu ya mwanzo imeyeyuka ndani yake. Viini huwa laini na vya kunata kidogo, na ladha yake iko kati ya chestinati na jibini isiyo kali. Gawa kwa kuhesabu: 5 kila bakuli. Usiweke sufuria mezani kila mtu ajichotee, kwa kuwa viini huzama na wa mwisho huvikuta vyote.

Kuku kwa ginko ni sahani maarufu ya mlima Qingcheng, jimbo la Sichuan. Kuku wa kienyeji wa kilo 1.2 hadi 1.5 anafaa kuliko wa kisasa, ambaye huvunjika kabla supu haijakolea. Mchemshe dakika 3 kwenye maji yanayotokota, mwage maji, msuuze. Mtie kwenye sufuria nzito na maji lita 2.5, tangawizi vipande 4 na vitunguu vya majani 2. Moto mdogo, supu itikisike tu bila kutokota, saa 1 na nusu. Viini 30 vilivyotayarishwa, kwa walaji 6, viingie dakika 40 za mwisho. Chumvi iwe ya mwisho kabisa. Viini vikiingia mapema huvunjika na kuugeuza mchuzi kuwa kama uji, na kibaya zaidi hutaweza tena kuvihesabu.

Za kukaanga ni za kutafuna wakati wa mazungumzo, na ndizo zinazodanganya zaidi. Mbegu zenye ganda lililotiwa ufa, kikaango kikavu, kijiko kikubwa cha chumvi ya mawe, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10 huku ukitikisa, hadi ganda lipate madoa ya kahawia na kiini kiwe cha kijani kinachopenyeza mwanga. Menya zikiwa moto, pasua, toa moyo. Hakuna maji yaliyomwagwa, kwa hiyo sumu imebaki karibu yote. Weka mbegu 3 au 4 kwenye kisahani cha kila mtu na uondoe kikaango mezani.

Inapotumiwa kama dawa

Katika tiba ya jadi ya Kichina baiguo huhesabiwa kuwa na ladha tamu, chungu na ya kukausha ulimi kama ndizi mbichi, na huelekezwa kwenye mapafu na figo. Kazi yake ni kubana na kuzuia. Hutolewa kwa pumu na kikohozi chenye makohozi mengi, kwa uchafu mwingi ukeni, na kwa anayekojoa mara kwa mara. Kwa hoja hiyohiyo ya kubana, waganga hawaitoi mwanzoni mwa mafua yenye homa, wakati mwili unatakiwa kutoa nje.

Kiasi kilichoandikwa katika kitabu rasmi cha dawa cha China ni gramu 5 hadi 10, pamoja na onyo kwamba ikiliwa mbichi ina sumu. Tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kukadiria kwa konzi hakufai. Kiini cha kawaida kina gramu 1.5 hadi 2, basi kiasi hicho ni viini vichache tu.

Dawa hutayarishwa hivi. Viini vilivyomenywa, vikavu kwa nje, hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo, vikigeuzwa muda wote, mpaka vipate madoa ya manjano na harufu itoke. Vikipoa hupondwa kinuni, vipande vya ukubwa wa mchele. Vikitiwa vizima maji hayafiki ndani. Hulowekwa nusu saa katika maji mililita 500, huchemshwa, kisha moto mdogo dakika 25 hadi 30, huchujwa. Huongezwa maji mililita 300 na kuchemshwa mara ya pili dakika 20. Maji yote mawili huchanganywa na kunywewa nusu asubuhi, nusu jioni. Tofauti na mapishi, hapa maji ndiyo yanayonywewa, pamoja na kilichoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo kiasi hakiongezwi, siku hizo mgonjwa hali ginko nyingine, na muda wa kutumia hupangwa na daktari wa tiba hiyo aliyemwona.

Baiguo mara nyingi haitumiwi peke yake. Mchanganyiko unaojulikana zaidi, Dingchuan tang, una viungo 9, na kimojawapo ni mahuang, mmea wenye efedrini, unaopandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Usijichanganyie nyumbani kwa kusoma orodha.

Mwenye pumu asiweke kando pampu yake. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza. Ginko inaweza kupunguza makohozi huku ugonjwa ukiendelea kula mapafu. Na vidonge vya majani ya ginko, vinavyouzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kumbukumbu, ni dawa nyingine kabisa. Majani na mbegu havibadilishani kazi wala vipimo. Mwenye kutumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari kabla ya kugusa vyote viwili.

Mtu akizidisha

Dalili huanza kati ya saa 1 na 12 baada ya kula: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kizunguzungu, mtoto kuhangaika au kulegea, kisha mwili kukakamaa na kutikisika. Homa inaweza isiwepo, na hiyo ni alama ya kuitofautisha na degedege ya malaria.

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama degedege imekoma, kwa sababu hurudi. Usimtapishe, degedege ikianza wakati anatapika, matapishi huingia kwenye mapafu. Usimnyweshe maziwa, ute wa yai wala maji ya maganda ya ginko, ambayo ni tiba za kienyeji zinazopoteza muda. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Beba mbegu zilizobaki au picha ya mfuko, na umwambie daktari mambo matatu: ni mbegu za ginko, ni ngapi, na zililiwa saa ngapi. Mtajie vitamini B6, kwa jina jingine piridoksini. Sumu hii haikutani na madaktari wengi wa kwetu, na dawa za kawaida za kutuliza degedege peke yake huenda zisitoshe. B6 ya sindano ndiyo inayorudisha kilichozuiwa. Lakini usijipe B6 nyumbani ili ule zaidi.

Kuhifadhi

Mbegu zenye ganda hukaa wiki 4 hadi 8 ndani ya friji, kwenye mfuko wa karatasi uliotiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa kidogo. Karatasi hunyonya jasho, plastiki huzuia zisikauke. Zikifungwa bila tundu huota ukungu. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, nje ya friji hazimalizi wiki 2. Zikague kila wiki, na yenye doa iondoke kabla haijaambukiza nyingine.

Kwa muda mrefu tumia friza. Zimenye, zitoe moyo, zichemshe dakika 15, zikaushe kwa kitambaa, zigandishe juu ya sinia zikiwa zimeachana, halafu zitie mifukoni. Zitafaa miezi 6, na huingia sufuriani bila kuyeyushwa. Gawa kabla ya kugandisha: viini 10 kila mfuko, ambavyo ni vya watu wawili. Juu ya mfuko andika tarehe, idadi, na maneno "si kwa watoto", maana vikiwa vimeganda vinafanana mno na peremende za kijani.